Vidole Vinne na Gumba

Juni ile baba alikuwa akihamisha mafuta
kutoka mitungi ya shaba kuyatia madebeni:
mafuta ya bergamoti, kijani kama jicho la paka,
yaliyokamuliwa tangu majira ya baridi
kutoka maganda ya tunda letu la Condofuri,
linalofanana na chungwa
ila ukilimenya utalitema,
kwani limejiwekea utamu wake wote ngozini.

Mimi, miaka tisa, miguu peku,
nguo ya kuogelea ya dada yangu,
nikakatiza mbio mlangoni. "Savè!"
Akanishika bega, akanigeuza,
akanitazama tu, kama mtu anayerudia hesabu
aliyokwisha kuipata,
akaniachia nikaenda ufukweni.
Kiganja chake kilikuwa kimelowa.
Nilinukia mchana kutwa. Wenzangu walinionea wivu.

Siku ya pili bega likawaka.
Ya tatu yakaibuka malengelenge,
manne marefu na moja nene, pembeni,
mpangilio ambao hata kipofu angeupapasa akaujua.

Mama alidhani nimepigwa.
Alimtazama baba. Baba akautazama mkono wake
kama mtu anavyomtazama mbwa aliyemlea mwenyewe
siku anapomng'ata mtoto wa nyumbani.

Daktari Laganà hakupandisha sauti.
"Jua na bergamoti," alisema,
"kila mmoja peke yake ni mpole.
Usiwakalishe bega moja."

Wanawake wa kiwandani walivaa mikono mirefu
hata Agosti. Ukiwauliza, walisema ni desturi.
Desturi ilijua.
Haikumwambia mtu sababu.

Malengelenge yakakauka, likabaki baka la kahawia,
mkono mzima mzima, hadi Krismasi, hadi Pasaka,
ukififia kidole baada ya kidole.
Baba hakunigusa bega hilo tena.
Hilo ndilo lililouma.

Sasa nina duka la dawa karibu na stesheni.
Bi Nunziata Zavettieri anataka mafuta ya mti-chai
kwa chunusi za mjukuu wake,
ayapake hivi hivi, makali, kutoka chupani.
"Si mmea tu, Saveria? Si vitu vya asili?"
Namwambia: upupu nao ni wa asili.

Namhesabia matone matatu, basi,
katika kijiko kikubwa cha mafuta ya lozi.
Kwanza tone moja la mchanganyiko huo ndani ya kiwiko,
plasta juu, kijana alale nalo, aamke nalo,
ngozi ipewe nafasi ya kukataa.
Na ile chupa ya mwaka juzi iliyo dirishani kwake
aitupe, mafuta yakizeeka hushika hasira.
Na bergamoti? Asimpake mtoto, nje kuna jua.

Ananiona bahili. Ananikumbusha
kwamba baba yangu alizigawa chupa bure
harusini, misibani, kwa wapita njia.
Kweli. Alizigawa.

Februari nilimkuta kitandani, dirisha wazi,
miaka kumi na mmoja hajashika debe wala tunda.
"Bega," alisema.
Nikavua sweta, nikavuta ukosi wa shati.
Hapakuwa na kitu. Alitafuta hata hivyo,
akaniinamisha kwenye mwanga, huku, tena huku,
kama anayetafuta jina lake katika orodha.
"Limepona zamani," nikamwambia.

Mkono wake ukanyanyuka, ukatetemeka,
ukasimama hewani
upana wa kidole kimoja kutoka ngozini mwangu.
Nikangoja.

"Subiri," alisema. "Nikanawe kwanza."